Ziwa la Shemeji

Watu walikuwa wamemwita Opereta kwa muda mrefu hivi kwamba jina lake la utotoni lilibaki kwenye vyeti na kinywani mwa dada yake mkubwa. Dada alipofariki, likabaki kwenye vyeti tu. Alikuwa opereta wa simu katika kampuni ya bima. Alikaa ghorofa ya juu, katika chumba chembamba chenye feni yenye manung'uniko, vipokea sauti masikioni na vidole juu ya vitufe, akiwaunganisha watu. Mtu akisema "haloo" tu, Opereta alikwishajua kama ana hasira, kama amefiwa, au kama ni mmoja wa wale mameneja wanaotaka wake zao waambiwe kwamba wako mkutanoni.

Macho yake yaliondoka na surua akiwa mdogo sana. Hakubakiwa na picha yoyote ila rangi moja, rangi asiyoijua jina, ambayo mara chache ilimjia akiwa kati ya kulala na kuamka, ikakaa naye kidogo, kisha ikaenda zake. Hakuisikitikia dunia ambayo hakuiona, kwa sababu alikuwa na dada.

Kila jioni dada alimpitia kazini. Walishikana mikono, wakarudi kwa miguu, wakipita njia ndefu makusudi, na njia nzima dada alikuwa akisema. "Mwenye duka la vitambaa leo kavaa njano, njano ya kiini cha yai, na anajua kwamba kapendeza. Kuna paka kalala juu ya gari la watu kama vile kalinunua yeye. Yule mzee wa viatu kanyoa ndevu. Kumbe kidevu chake kidogo hivi, masikini, ndiyo maana alikuwa anakificha." Opereta alicheka mpaka ikabidi wasimame. Alifika nyumbani miguu imechoka vizuri na kichwa kimejaa mtaa mzima, akalala nao.

Kisha dada akaugua, ugonjwa wa haraka usiompa mtu nafasi ya kujiandaa, akaenda.

Baada ya mazishi Opereta akaanza kurudi nyumbani kwa gari la ofisi. Angeweza kutembea. Fimbo nyeupe alikuwa nayo, na njia aliijua kama alivyovijua vitufe vyake. Alijaribu mara moja. Mtaa ulikuwepo, kelele zake zote zilikuwepo, lakini ilikuwa kama kupita ndani ya nyumba ambayo vyombo vyake vimehamishwa. Hakurudia tena. Akawa mtu wa kukaa. Alikaa kazini, akakaa garini, akafika kwake akakaa kitandani, redio ikiongea peke yake. Miguu ikaanza kuvimba. Ngazi za ofisini zikageuka mlima, na sukari ikapanda.

"Mwili wako unalala wakati wewe uko macho," daktari alimwambia. "Uamshe. Tembea, ogelea, cheza, chochote utakachopenda. Ila usikae."

"Nitembee niende wapi, daktari?"

Daktari alisikika akizungusha kalamu mezani. "Hilo silijui," akasema mwishowe. "Mimi najua miguu tu."

Aliyejua ni binti wa marehemu, nesi katika mji mwingine, ambaye kila wiki alimpigia mama yake mdogo simu kumwuliza kama amekula na kama amelala.

"Mama mdogo, kuna kundi linakutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Watu wenye ulemavu wa kila namna. Wanafanya mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Kila mtu na ya kwake. Wewe nenda tu ukasikilize. Baba atakupeleka."

Baba huyo alikuwa fundi wa fremu za picha, na duka lake lilitazamana na vyumba viwili alivyoishi Opereta, mtaa mwembamba ukiwa katikati. Alikuwa mtu wa maneno ya kupimwa. Dada alipenda kusema kwamba hakuolewa na mume, aliolewa na sikio. Alipokuwa hai ukimya wa mumewe haukuonekana, maana dada aliujaza. Sasa kila asubuhi ilikuwa hivi: "Umeamkaje, shemeji?" "Salama, shemeji, wewe je?" "Salama." Halafu nyundo yake ndogo ikaanza, ko, ko, ko, hadi jioni. Wote wawili walifiwa na mtu mmoja, na yule aliyekuwa akiwazungumzisha ndiye waliyemzika.

Lakini Jumamosi alikuja akagonga mlango, akampa kiwiko ashike, wakaenda.

Uwanja ule ndege zilikwishauhama. Kilichobaki ni njia pana ya lami iliyopasuka, majani yakichomoza kwenye nyufa, jengo tupu la abiria, na barabara nyembamba iliyozunguka eneo lote. Upepo ulipita pale bila kugonga kitu. Opereta alisimama akausikiliza, akahisi kama amefikishwa kwenye chumba kisicho na kuta.

Kiongozi wa kundi aliitwa Kocha. Alikuwa mwanamke mwenye sauti pana, na mguu wake mmoja wa bandia ulilia tik juu ya lami kila alipokanyaga, hivyo alijulikana yuko wapi hata akinyamaza. Alimshika Opereta mkono akamtembeza. Hapa walikuwapo watu wa viti vya magurudumu wakivuta mipira ya kunyumbulika, wakihesabu kwa pamoja na kubishana waliishia ngapi. Pale kijana mmoja na mama yake waliendesha baiskeli za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mikono. Mzee ambaye mikono yake ilitetemeka alirusha vifuko vya mchanga kwenye ndoo, na kila kifuko kilipoingia alisema "asante" kwa ndoo. Nyuma ya jengo kulikuwa na muziki, na watu wasiosikia walicheza wakiwa pekupeku juu ya sakafu ya mbao, wakiupokea mdundo kwa nyayo.

"Tuanze na viti," Kocha alisema. "Unakaa, unanyoosha mgongo, unainua magoti."

"Nimekaa wiki nzima, Kocha. Na leo nimekuja kukaa?"

Kocha akacheka, akampeleka kwenye mpira wenye kengele ndani. Ulikuja ukilia kengele zake vizuri tu, na ukampiga puani. Alipojaribu kamba ya kukimbilia, ile ambayo mtu anashika ncha moja na mwenzake anayeona anashika ya pili, kifua kilikataa mapema. Alikuwa karibu kusema kwamba ameshasikiliza vya kutosha, arudishwe nyumbani, ndipo Kocha alipomwekea mkono kwenye kitu kirefu cha chuma chenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine.

"Baiskeli ya watu wawili," Kocha alisema. "Anayeona anakaa mbele, huyo ndiye dereva. Asiyeona anakaa nyuma, huyo ndiye injini. Madereva wangu wote wamekwishachukuliwa. Huyu bwana aliyekuleta ana miguu?"

"Miguu anayo," Opereta alisema. "Maneno ndiyo hana."

Shemeji akakohoa. Kisha akasikika akipanda.

Mara ya kwanza walikwenda hatua chache, usukani ukayumba, wakaingia kwenye majani na kulala humo ubavu kwa ubavu. Opereta alijipapasa, akakuta yuko mzima, na kicheko kikamtoka bila ruhusa. Shemeji naye akatoa sauti fulani, ndogo, kama bawaba ya mlango wa siku nyingi. Wakanyanyuka wakapanda tena.

Safari hii pedali zilikubaliana. Miguu yake ikasukuma, ya shemeji ikasukuma, mnyororo ukaimba, na upepo ambao awali ulikuwa umesimama kando ukaanza kumjia usoni. Opereta hakuwahi kwenda kasi kwa nguvu zake mwenyewe. Maisha yake yote alikwenda mwendo wa kupapasa, mwendo wa fimbo, mwendo wa mkono wa mtu. Garini alikuwa mzigo. Sasa ilikuwa ni yeye mwenyewe, kwa mapaja yake yanayowaka, akiitupa ardhi nyuma. Hakukuwa na ukingo wa kugonga wala ngazi ya kukosea. Alihisi mwili wake umekuwa mrefu na mwepesi, kama shuka iliyoanikwa kamba ikashikwa na upepo. Alifungua mdomo, upepo ukaingia hadi tumboni.

"Shemeji," aliita, "tunapita wapi?"

"Barabarani."

"Kuna nini?"

Pedali zikazunguka. "Kuna mti."

"Wa namna gani?"

"Mrefu."

Opereta akapumua. "Dada alikuwa akinipa mti mzima mpaka na ndege wake. Wewe unanipa gogo."

Wakamaliza mzunguko, wakarudi nyumbani, na jioni ile nyundo haikusikika.

Jumamosi iliyofuata waliipita kona ya kwanza, na shemeji akasafisha koo.

"Kushoto," alisema, "kuna ziwa."

Opereta akaacha kusukuma. "Ziwa?"

"Kubwa. Maji yametulia." Aliyatoa maneno polepole, moja moja, jinsi alivyokuwa akiweka kioo kwenye fremu, akihofia kisije kikapasuka. "Matete ukingoni. Ndege weupe, wamesimama kwa mguu mmoja. Ng'ambo kuna mlima, kichwa chake cheupe. Mlima uko na ndani ya maji pia, umepinduka."

"Umepinduka vipi?"

"Kichwa chini. Kama mtu anayejitazama kisimani."

Opereta akasukuma pedali taratibu ili ziwa lisiishe upesi.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa na nchi yake. Baada ya ziwa kulikuwa na malisho na ng'ombe weupe waliolala wakicheua. Kulikuwa na nyumba yenye paa jekundu, moshi mwembamba ukipanda juu yake ukiwa umenyooka. Kulikuwa na msitu ambao jua liliingia ndani yake vipande vipande, na mwanamke aliyebeba kikapu akiondoka bila kugeuka. Shemeji alizungumza kila wiki zaidi kidogo, na Opereta alipanda baiskeli kama mtu anavyopanda kitanda, tayari kuota. Miguu ilifanya kazi yake huko chini, kifua kikapanda na kushuka, jasho likamtiririka mgongoni, na yeye alikuwa mahali pengine, akipita kando ya maji. Wiki nzima, kati ya simu na simu, ziwa lilimrudia. Alilipaka ile rangi yake moja isiyo na jina. Mteja aliyepiga akiwa na hasira alikuta sauti upande wa pili imelainika, na hasira zikamwisha asijue zimekwenda wapi.

Mwili nao ukaamka. Viatu vilivyokuwa vikimbana jioni vikaacha kumbana. Ngazi za ofisini zikarudi kuwa ngazi. Daktari alipompima alisema "hm," akampima tena, akasema "hm" nyingine yenye furaha.

"Umepata mahali pa kwenda?"

"Nimepata, daktari. Kuna ziwa."

Daktari, ambaye alizaliwa na kukulia mji uleule, alimwambia tu vizuri sana, aendelee.

Sio kwamba Opereta hakuwa na shaka. Maji yana harufu, na pale kando ya ziwa upepo ulikuja mkavu, na vumbi laini likimkaa kwenye midomo. Ng'ombe wale hawakulia hata siku moja. Lakini mtu akiwa kitandani anajua kumekucha, anasikia jogoo na ndoo, na bado anavuta shuka. Ndivyo alivyofanya yeye. Alivuta shuka.

Aliyeifunua shuka hiyo ni Robo. Huyu alikuwa karani mstaafu, mpenda maneno, naye alikaa nyuma kwenye baiskeli nyingine. Jicho lake moja halikuona kabisa na la pili liliona, kwa maneno yake mwenyewe, robo ya dunia, tena robo yenye bili. Asubuhi moja walikuwa wamepumzika kivulini kwenye jengo la abiria, wakinywa maji, na shemeji alikuwa amekwenda na Kocha kukaza mnyororo.

"Mimi napapenda pale kwenye ziwa," Opereta alisema, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umefurahi na mtu akifurahi anaropoka.

"Ziwa gani, mama?"

"La kushoto, ukishapita kona ya kwanza."

"Kushoto pale kuna ukuta," Robo alisema kwa upole. "Ukuta wa ghala la saruji. Mimi naona robo tu, lakini ukuta ule, mama, hata robo inautosha."

Opereta aliendelea kunywa maji yake mpaka chupa ikawa tupu, halafu akaendelea kuishika mdomoni.

Wakati wa kurudi alishika kiwiko cha shemeji kama kawaida. Walipofika mtaani kwao akakiachia, akakunjua fimbo yake, akasimama.

"Nimekosea nini?" shemeji aliuliza.

"Ziwa liko wapi?"

Watu walipita. Baiskeli ya muuza maziwa ilipiga kengele ikawazunguka. Shemeji akafungua kufuli la duka lake, akasema, "Ingia, shemeji."

Ndani kulinuka mbao zilizokatwa na gundi. Opereta alilijua duka hili zaidi kwa kiti kidogo kilichokuwa karibu na mlango, alichokuwa akikalia dada. Shemeji akamshika kifundo cha mkono, kwa adabu, kama mtu anayeshika kitu kisicho chake, akaupeleka mkono ule juu ya meza ya kazi hadi ukutani, akauweka kwenye kioo.

"Liko hapa," alisema.

Kioo kilikuwa baridi na bapa. Opereta alikipapasa mpaka akafikia kona za fremu, akarudi katikati. Ziwa zima, mlima wake, matete na ndege weupe vilikuwa pale, na vidole vyake havikukuta chochote.

"Na ng'ombe?"

"Picha ya mteja. Alikwishaichukua. Nyumba ya paa jekundu iko huko nyuma, kioo chake kina ufa. Mwanamke wa kikapu ni kalenda."

Kisha shemeji, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa sikio, akaanza kusema, na alisema akiwa ametazama mbali naye, maana sauti yake ilikuwa inagonga ukuta kabla ya kumfikia.

"Mimi nikitazama barabara naona barabara. Marehemu ndiye alikuwa ananionyesha. Alikuwa anakaa hapo mlangoni, anazitazama picha za wateja, ananisimulia. Mimi huyu, mwenye macho yangu. Nilikuwa nazipiga misumari tu, yeye ndiye alikuwa ananiambia kuna nini ndani. Uliposema nakupa gogo, nilirudi nikakaa humu. Nikazitazama. Nikawa nazikariri, jioni hadi jioni, ili Jumamosi nisije mikono mitupu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba kuna ukuta?"

"Ndiyo," Opereta alisema. "Kwamba kuna ukuta." Sauti yake haikupanda, wala mkono haukuondoka kwenye kioo. "Tangu nazaliwa watu wananificha vitu wakidhani wananionea huruma. Chakula kikiungua wananiambia kimeiva vizuri. Mtu akilia wananiambia ana mafua. Dada hakunificha hata siku moja, shemeji. Alinipa mpaka mizoga ya paka. Ndiyo maana nilikuwa na dunia."

"Nisamehe."

Hakumsamehe wala hakumkatalia. Alipita na fimbo yake, akavuka mtaa, akajifungia.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Alimsikia shemeji akija hadi mlangoni, akisimama, akirudi. Alilala akingoja ziwa lije ili alifukuze, lisije. Siku zilipita na akadhani amerudi kuwa mtu wa kukaa, kwamba basi ndivyo ilivyo. Lakini mwili ulikuwa umekwishaonja. Kazini, katikati ya simu, miguu ilianza kuzunguka yenyewe chini ya meza, taratibu, moja ikishuka na nyingine ikipanda, mpaka mhudumu wa chai akauliza kwa nini kikombe kinacheza. Usingizini alisikia mnyororo. Alihisi upepo ule ukimwingia mdomoni, na ndani ya ndoto haukuwa na ziwa lolote. Ulikuwa upepo mtupu, mkavu, wenye vumbi, na aliupenda hivyohivyo. Aliamka akijiuliza kama ziwa ndilo alilokuwa akilifuata kweli, au ni mapaja yake tu yaliyokuwa na furaha na yakahitaji kisingizio.

Aliwaza pia juu ya mtu mzima aliyekaa peke yake dukani jioni hadi jioni, akijifunza kutazama, ili tu apate la kumwambia shemeji yake. Jambo hilo alilizungusha kwa siku kadhaa. Hasira ikawa bado ipo, ila ilikuwa imesogea ikaachia nafasi.

Jumamosi alikuwa amesimama mlangoni mwa duka la fremu kabla kufuli halijafunguliwa.

"Umeamkaje, shemeji?" alisema shemeji, kwa sauti ya mtu asiyejua aweke wapi mikono yake.

"Salama. Leo unipe ukuta."

Walipoipita kona ya kwanza shemeji alipunguza mwendo. "Kushoto kuna ukuta," alianza, akakwama. Opereta akangoja. "Ni wa kijivu. Basi." Akangoja tena. "Hapana, sio kijivu chote. Chini umekuwa kahawia, matope ya mvua yameruka mpaka kiunoni. Kulikuwa na tangazo la rangi, limebaki herufi tatu na nusu ya kichwa cha mwanamume, anatabasamu kwa jicho moja. Kuna mahali wameziba tundu kwa saruji mpya, na kabla haijakauka mbwa alipita, wacha nione, ndiyo, nyayo zake zimepanda ukutani. Sasa mbwa alipandaje ukutani?"

"Labda tofali lilikuwa bado chini."

"Labda. Juu kuna vipande vya chupa, vya kijani na vya kahawia, jua limeingia ndani yake. Na kuna mbuzi."

"Shemeji."

"Naapa kuna mbuzi. Amesimama juu ya rundo la mifuko nyuma ya ukuta, kichwa ndicho kinaonekana. Amepakaa saruji, ndevu zake nyeupe, anafanana na—" akalitaja jina la meneja mmoja wa kampuni ya bima ambaye Opereta alimlalamikia kila wiki.

Wakati huohuo mbuzi akalia. Opereta alicheka hata miguu ikamtoka kwenye pedali, na baiskeli ikaenda kwa nguvu za mtu mmoja mpaka mwisho wa ukuta. Ukuta ule ulikuwa mrefu. Shemeji aliumaliza wote, na alipoumaliza alikuwa akihema zaidi kwa kusema kuliko kwa kuendesha.

Walipofika kwenye njia pana ya zamani ya ndege, Opereta aliomba wasimame. Akamwita Kocha. Tik, tik, tik, Kocha akaja.

"Nataka kukaa mbele," Opereta alisema.

Shemeji akasema, "Mbele wapi?"

"Kwenye usukani. Njia hii ni pana na imenyooka. Wewe kaa nyuma uwe injini, na uniambie."

Kocha alifikiri kidogo. Wakamsikia akiwaita watu wa viti vya magurudumu wasogee kando, akiwaambia wenye baiskeli za mikono wangoje. "Njia ni yenu," alisema. "Mkianguka, mwangukie upande wa majani, lami sina dawa yake."

Usukani wa mbele ulikuwa hai. Ule wa nyuma ambao Opereta alikuwa akiushika wiki zote zile ulikuwa chuma cha kujishikia tu; huu uligeuka, ulisikia, ulitaka kuambiwa. Nyuma yake shemeji alipanda na baiskeli nzima ikashuka kidogo kwa uzito wake. Wakasukuma.

"Nyoosha," shemeji alisema. "Nyoosha. Kulia kidogo. Kulia, shemeji, huo ni kushoto. Hapo. Hapo hapo." Alisema bila kunyamaza, kama bomba lililofunguliwa, kuna ufa, umepita, kuna majani, yako mbali, sawa, sawa, nyoosha. Opereta alimsikia ana hofu, na hofu ya mtu mwingine aliyekaa mgongoni mwake ilimtia utulivu wa ajabu. Maisha yake yote alibebwa na macho ya wengine. Sasa mtu mzima mwenye macho yote alikuwa nyuma yake, na kule alikogeuza mikono yeye ndiko walikokwenda wote wawili. Upepo ulikuja mpya, haukupitia bega la mtu kwanza. Uligusa paji la uso wake kabla ya kitu kingine chochote duniani. Akaongeza kasi. Sauti ya shemeji ikaanza kupungua, akisema neno, akiacha nafasi, akisema neno, na ndani ya nafasi zile Opereta alisikia magurudumu tu, na moyo wake, na mnyororo, na hakujua tena kama barabara inapita chini yao au wao wamesimama na dunia ndiyo inayopita.

"Lami inakaribia kwisha," shemeji alisema.

"Baada yake kuna nini?"

"Majani marefu."

Hakufunga breki. Aliiachia baiskeli ipungue yenyewe, ikaingia majanini kwa mlio laini, majani yakiwapiga magotini, kisha mapajani, na ikasimama. Hawakuanguka. Kila mmoja aliweka mguu chini. Panzi waliruka wakatulia, na jua lilikuwa limeanza kuwa kali begani.

Opereta hakuuliza kuna nini, na shemeji hakusema. Walikaa hivyo wakihema, hadi kwa mbali wakasikia mguu wa Kocha ukija juu ya lami, na sauti yake ikiuliza kama kuna aliyeumia, kwa sababu mzee wa vifuko vya mchanga naye ameiona baiskeli ile na sasa anaitaka.

"Mwambie asubiri," Opereta alisema, akiugeuza usukani kuelekea walikotoka. "Tunarudi nayo sasa hivi. Shemeji, sukuma."